Salama, Ila...

Mtaani kwetu Soweto, hapa Moshi, salamu huamka kabla ya jua. Ukifungua geti saa kumi na mbili asubuhi kufagia nje, lazima utakutana na jirani anayewahi Hiace ya mjini, na jirani huyo hapiti hivihivi. "Umeamkaje, mwalimu?" "Nimeamka salama." "Watoto?" "Wazima." "Wazee huko juu?" "Wanaendelea." Mambo yameisha, kila mtu na njia yake. Lakini akishapiga hatua mbili tatu hugeuka, akashika mkoba vizuri, akasema, "Ila usiku mgongo umenisumbua kweli." Hapo sasa ndipo mazungumzo yanapoanza. Yote yaliyotangulia yalikuwa adabu. Habari yenyewe iko baada ya "ila".

Nimelifikiria sana neno hili dogo kwa sababu maisha yamenipitisha katika ugeni kwa pande zake tatu. Nimekuwa mwanafunzi ughaibuni: mwaka 2009 nilikwenda Bergen, Norway, kusoma shahada ya uzamili. Niliporudi nikawa mwenyeji. Kwa miaka kumi na miwili sasa chumba changu cha nyuma kimelaza wanafunzi wa kigeni, mmoja baada ya mwingine. Na tangu mwaka jana nimekuwa mzazi wa mwanafunzi aliye mbali, kwa maana kitinda mimba wangu anasoma India. Katika pande zote hizo nimeona afya na usalama wa mwanafunzi vikining'inia kwenye jambo moja: kama kuna mtu anayeweza kumwambia "ila", na kama mtu huyo ana subira ya kuingoja.

Wageni hawakosekani Moshi. Huu ni mji wa shule na hospitali tangu zamani. Chuo cha Mweka, kule juu kwenye miteremko ya mlima, kimekuwa kikifundisha uhifadhi wa wanyamapori tangu 1963, na kimepokea wanafunzi kutoka pembe zote za Afrika. Hospitali ya KCMC ilifunguliwa 1971, na hadi leo vijana wa udaktari kutoka Ulaya na Marekani huja kwenye hospitali za mji huu kwa mafunzo ya wiki kadhaa. Wengi hutafuta familia ya kukaa nayo, Rau, Shanty Town, au huku kwetu Soweto. Siku ya kwanza bodaboda wa kona huwafundisha "Mambo?" na "Poa!" Kuanzia hapo kila wanachoulizwa hujibu poa. Umelalaje? Poa. Chakula? Poa. Tumbo? Poa. Ni neno zuri la barabarani, lakini halina mlango wa nyuma. Ukishalisema mazungumzo yamefungwa, na lililoko ndani linabaki ndani.

Mwaka mmoja nilimpokea kijana kutoka Uholanzi, mwanafunzi wa udaktari aliyekuwa karibu kumaliza. Alikuwa mtaratibu, anaosha sahani yake mwenyewe, anawaamkia wazee shikamoo bila kukumbushwa. Alikuwa ameweka akiba kwa muda mrefu ili apande Kilimanjaro kabla ya kurudi kwao. Mdogo wangu ni mwongoza watalii, yuko mlimani mwaka wa kumi na nane huu, basi nikamkabidhi kwake kama mtu anavyomkabidhi mtoto wake. Wakapita njia ya Marangu.

Mlimani kuna salamu ya jioni ambayo wanaopanda hufikiri ni mazoea tu. Watu wakishafika kibandani na kunywa chai, mwongozaji huwapitia mmoja mmoja: kichwa kinaumaje, umekula kiasi gani, umelala, umetapika? Kisha humvisha kidoleni kile kifaa kidogo kinachosoma oksijeni ya damu na mapigo ya moyo. Kila jioni yule kijana alijibu poa. Kumbe Horombo, kwenye mita 3,700 hivi, alitapika nyuma ya kibanda akafukia kwa udongo. Alikuwa na vidonge vya maumivu mfukoni, akavimeza kwa siri ili kichwa kitulie kabla ya kuulizwa. Kibo, mita 4,700, alisukuma sahani pembeni akasema ameshiba. Saa sita usiku wakaanza safari ya kileleni na wenzake, taa vichwani, hatua fupifupi.

Karibu na pango la Hans Meyer mdogo wangu alimwona akihangaika kuvaa glovu kwenye kiatu. Akamsemesha. Maneno yakatoka mazito, kama ya mtu aliyelewa. Akamwambia atembee hatua kumi kwa kunyoosha. Akayumba. Hapo mwongozaji hashauriani na mtu. Alimgeuza palepale, wawili wakamshika kwapa, wakamrudisha Kibo. Huko wakamfunga kwenye machela yenye gurudumu moja, wakaishusha gizani, wanaume sita wakipokezana, mawe yakiruka chini ya gurudumu na mmoja akitangulia na tochi kuonyesha njia. Kulipopambazuka walikuwa wanafika Horombo, na kijana akauliza kwa sauti yake ya kawaida kama kuna chai. Kushuka mita elfu moja kulikuwa kumemrudishia akili. Ubongo ukianza kuvimba kwa kukosa hewa, dawa ya kutegemewa kuliko zote ni kuteremka, na kuteremka mapema. Kule kileleni, mita 5,895, kila pumzi hukupa karibu nusu tu ya oksijeni unayoipata pwani. Mwili unahitaji siku za kuzoea, na daktari anahitaji siku hizo kama anavyozihitaji mkulima.

Siku mbili baadaye alikaa jikoni kwangu akimenya viazi. Nikamuuliza, "Mwanangu, wewe ni daktari. Dalili unazijua kuliko sisi. Kwa nini hukusema?" Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Niliogopa wangenirudisha."

Mdogo wangu aliposikia jibu hilo hakushangaa. "Dada," aliniambia, "mlimani simwogopi anayelalamika. Namwogopa mwenye kusema yuko poa siku zote."

Neno lile, "wangenirudisha", lilinikosesha usingizi kwa sababu lilikuwa neno langu. Ndilo lililokuwa kifuani mwangu Bergen.

Anayetoka kwetu kwenda kusoma nje haendi peke yake. Mimi nilichangiwa. Ukoo ulikaa Kibosho, kila nyumba ikatoa ilichonacho, mwingine akauza ndama, mwingine akaleta fedha ya kahawa. Padre akaniombea, shangazi wakanifunga khanga begani, na mzee mmoja akanishika mkono akasema, "Usituangushe." Alisema kwa mapenzi, nami nikalibeba neno hilo kwa mapenzi. Lakini mtu aliyeambiwa asiwaangushe watu huona hata homa kuwa aina ya kuanguka.

Desemba 2010 nilirudi nyumbani kwa Krismasi. Mchaga anaelewa: mwisho wa mwaka, hata aliyeko mwisho wa dunia hutafuta namna ya kupanda kwao. Baada ya sikukuu nikateremka Kahe kumwona shangazi yangu, nikalala kwake siku mbili. Kahe ni tambarare ya joto na mifereji ya umwagiliaji, nami nilitupa chandarua pembeni kwa sababu ya joto. Nilijihesabu mwenyeji. Sikukumbuka kwamba nilikulia juu kwenye baridi, ambako mbu ni wachache, na kwamba hata kinga ndogo niliyokuwa nayo ilikuwa imefifia kwa mwaka na nusu wa kukaa Ulaya. Mwili haujui pasipoti. Unajua tu umeumwa na mbu wangapi hivi karibuni.

Siku ya kumi na mbili baada ya ile safari ya Kahe, nikiwa nimesharudi Bergen, baridi ikaniingia mifupani. Kila mtu darasani alikuwa akikohoa kwa sababu ya majira, nikajiambia ni mafua. Na kulikuwa na aibu niliyoificha hata mimi mwenyewe: sikutaka kuwa yule Mwafrika aliyeleta ugonjwa. Nilimeza vidonge vya maumivu, nikajifunika mablanketi mawili, na kila ujumbe wa simu nikaujibu "nzuri tu". Kutoka nyumbani wakauliza hali ya hewa. Nzuri tu. Mwenzangu wa darasa akauliza mbona sionekani. Nzuri tu, nasoma.

Siku ya tatu alinipigia dada mmoja wa Tanga aliyekuwa akisomea uuguzi. Alitaka sufuria yake. Tukaamkiana kwa utulivu wote wa watu wa pwani, nami nikasema salama, salama, salama, kisha likanitoka lenyewe: "Ila nina homa kidogo."

Akanyamaza. Sufuria ikasahaulika. "Umetoka nyumbani lini?" Nikamwambia. "Ulilala wapi?" Nikamtajia Kahe. "Vaa viatu, nakuja."

Alifika mvua ikinyesha, maana Bergen mvua ndiyo mwenyeji, akanipakia kwenye teksi hadi kituo cha dharura. Mtu wa mapokezi hajamaliza kutukaribisha, dada alikuwa ameshasema, "Ametoka Tanzania wiki iliyopita, ana homa kali, tunaomba apimwe malaria sasa hivi." Walinipima usiku uleule na wadudu wakaonekana. Nililazwa karibu wiki nzima, nikatibiwa vizuri. Daktari aliniambia kwamba kama ningekuja peke yangu na kusema nina mafua, huenda wangenirudisha nyumbani kupumzika, kwa kuwa majira yale nusu ya mji ilikuwa na mafua. Malaria ya kwetu inaweza kumuua mtu ndani ya siku chache tangu homa ianze, na mahali isipokuwepo daktari haifikirii mpaka umwambie ulikotoka.

Jambo hilo ningependa kila kijana wa Kitanzania anayesoma nje alijue kama anavyolijua jina lake. Ukitoka likizo nyumbani, homa yoyote baada ya wiki moja, hata baada ya miezi, ni malaria mpaka damu iseme vinginevyo. Sentensi ya kwanza mbele ya daktari iwe, "Nimetoka Tanzania." Usione haya. Unamsaidia kazi yake. Na ukiwa likizo, ingia ndani ya chandarua kama mgeni, kwa sababu damuni umekuwa mgeni.

Nilipotoka hospitali dada wa Tanga alinipikia mtori. Bergen hakukuwa na ndizi za mtori, basi alitumia viazi, akaviponda na nyama na kitunguu mpaka vikalainika, akaniletea kwenye ile sufuria aliyokuwa akiidai. Mtu wa pwani kumpikia Mchaga mtori wa viazi! Nilikula nikilia. Nikaelewa kwamba mwanafunzi hajengi undugu ugenini kwa ajili ya sherehe peke yake. Anajenga ili siku ya homa awepo mtu wa kudai sufuria.

Wenyeji nao wana elimu yao, ukiwa tayari kuiomba. Katikati ya Desemba Bergen jua huchomoza karibu saa nne asubuhi na kuzama saa tisa na nusu alasiri, na mara nyingi hata hizo saa chache limo mawinguni. Nilidhani uchovu wangu ni uvivu. Mama mwenye nyumba, mtu wa maneno machache, ndiye aliyeniambia kwamba giza lile huwalemea hata wao. Kila asubuhi ya majira hayo wanakunywa kijiko cha mafuta ya ini la samaki aina ya chewa kwa ajili ya vitamini D, na wanatoka nje mchana hata kama ni kwa nusu saa. Ngozi yetu nyeusi huhitaji jua zaidi kutengeneza vitamini hiyo, na kule jua halipo. Alinipa pia kipande cha plastiki cha kuning'iniza kwenye koti, kinachong'aa taa za gari zikikipiga, na meno ya chuma ya kuvaa chini ya viatu wakati wa barafu. Nilivicheka mwanzoni, mpaka nilipoona bibi wa miaka themanini akipita kwenye barafu bila wasiwasi nami nimeshika ukuta.

Sasa nimo upande wa pili na mimi ndiye mama mwenye nyumba, najaribu kuwapa wanaokuja kile nilichopewa. Maji ya kunywa yachemshwe. Chandarua kishushwe kabla ya kiza. Usipande bodaboda bila helmeti hata kama ni kutoka hapa mpaka sokoni. Dereva akiendesha kama anafukuzwa, mwambie ashushe mwendo, na akikataa shuka, hakuna atakayekuona huna adabu. Usipande na aliyekunywa. Pombe isiyo na lebo ipite mbali. Mbwa akikuuma, hata mbwa wa jirani unayemjua, osha kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo kwa chanjo, kwa sababu kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili hakina tiba.

Kwa wale wa udaktari nina neno la ziada. Jioni moja msichana aliyekuwa akifanya mafunzo alirudi, akapita moja kwa moja chumbani bila kugusa chai. Nilimgongea. Poa, akasema. Nikakaa kitini pale mlangoni nikaanza kuchambua mchele. Sikuuliza tena. Sinia lilikuwa limekaribia kuisha aliposema kwamba asubuhi, akitoa damu kwa mgonjwa, sindano ilimchoma kidole akaona aibu kumwambia msimamizi. Saa zilikuwa zimeshapita tisa. Dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI baada ya ajali ya namna hiyo lazima zianze ndani ya saa 72, na kadiri zinavyoanza mapema ndivyo bora zaidi, kisha zimezwe siku 28 bila kuruka. Tulitoka usiku uleule kwenda hospitali. Alizimeza siku zote 28, nusu hapa na nusu kwao, na vipimo vyake vikatoka salama. Nilichofanya mimi ni kuchambua mchele tu. Lakini nimejifunza kwamba "ila" haivutwi kwa maswali mengi. Inataka mtu aliyekaa, ambaye mikono yake ina kazi na masikio yake hayana haraka.

Zipo hatari ambazo tahadhari ya mwanafunzi haizifikii, na haitakuwa haki kusema zote zinazuilika. Januari 2020 mji wa Wuhan ulipofungwa kwa sababu ya korona, wanafunzi wa Kitanzania walikuwamo ndani, wakihesabu siku wakiwa vyumbani. Februari 2022 vita ilipoanza Ukraine, wanafunzi wa Kiafrika walitembea kwenye baridi kuelekea mipakani na mabegi yao. Na Oktoba 7, 2023 kijana wa Rombo, mlima huuhuu wetu, Clemence Mtenga, mhitimu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, aliuawa Israel alikokwenda kwa mafunzo ya kilimo. Mwenzake Joshua Mollel, kijana wa Manyara, aliuawa siku hiyohiyo. Clemence alirudishwa Rombo kuzikwa kabla ya mwaka kuisha. Mwili wa Joshua ulipatikana Novemba 2025, miaka miwili baadaye.

Wazazi wa vijana kama hao hawakukosea kitu, na vijana wenyewe hawakukosea kitu. Ninachojifunza hapo ni kuhusu siku za kusubiri, zile siku ambazo simu inaita bila kupokelewa na nyumba nzima inatazama mlangoni. Tunaweza kuzipunguzia uchungu japo kidogo. Kabla mtoto hajaondoka, ibaki nyumbani nakala ya pasipoti na viza yake, jina la chuo na anwani anapolala, namba za simu za watu wawili wanaomwona kwa macho kila wiki, na karatasi ya bima yake. Akifika, ajiandikishe ubalozini, au kwenye ubalozi wetu wa jirani kama hapo hatuna. Asimwachie mtu yeyote pasipoti yake, awe mwajiri au mwenye nyumba. Aikariri namba ya dharura ya nchi ile kabla ya kukariri njia ya dukani. Haya ni mambo ya jioni moja tu, kalamu na bahasha.

Limebaki moja, nalo ndilo gumu kwangu kulisimulia.

Mwezi uleule niliolazwa Bergen, baba yangu alipata kiharusi Kibosho. Mimi sikuwaambia nyumbani kwamba nimelazwa, nisiwatie hofu. Wao hawakuniambia kwamba baba ameanguka, kwa sababu nilikuwa na mitihani. Jumapili walinipigia kama kawaida. Nami, sindano ikiwa mkononi, nikasema nzuri tu. Nao, wakiwa wamekaa kuzunguka kitanda chake, wakasema huku salama. Tulipendana kwa uongo mtupu. Niliporudi Juni baba alinitambua, akanishika mkono, lakini maneno hayakutoka. Ile sauti niliyoiacha Krismasi ikinituma nimletee tumbaku sikuisikia tena mpaka tulipomzika.

Sikumlaumu mtu. Ndivyo tulivyolelewa: aliye safarini haongezewi mzigo. Lakini miaka imenionyesha gharama ya adabu hiyo. Mtoto anayeona wazazi wake hawana "ila" kamwe hujifunza kwamba mtu mzima hana "ila". Akifika ugenini hufanya kama alivyofunzwa. Hufukia matapishi nyuma ya kibanda na kusema poa.

Kitinda mimba wangu hunipigia kila Jumapili saa mbili usiku. Kwake India huwa saa nne na nusu. Mwaka mzima nimekuwa nikimuuliza anakulaje, analalaje, joto likoje, naye hujibu nzuri mama, msiwe na wasiwasi. Nami nilikuwa nikijibu vilevile, ingawa tangu Machi nilikuwa nimeambiwa kliniki kwamba presha yangu iko juu. Kadi yao niliificha kabatini chini ya vitambaa vya meza, dawa nikizimeza akiwa hayupo mtu.

Jumapili iliyopita, umeme ulikuwa umekatika na mlima ulikuwa unaonekana kwa mbalamwezi, theluji yake nyeupe kama kitambaa kilichoanikwa. Simu ikaita. Tukaamkiana. Shikamoo mama. Marahaba mwanangu. Mwaonaje huko? Nikavuta pumzi.

"Salama, mwanangu," nikamwambia. "Ila presha imepanda. Ni miezi kadhaa sasa. Nimeshaanza dawa, naendelea vizuri, lakini nimeona ulijue kutoka kwangu."

Kimya. Nikasikia pikipiki zikipita huko kwake, na mtu akicheka kwa mbali. Sikuongeza neno. Nilikuwa na sinia la mchele mapajani, nikaendelea kuchambua kwa mwanga wa mshumaa.

"Mama," akasema mwishowe, "asante kwa kuniambia." Kisha sauti yake ikashuka, ikawa ile ya utotoni alipokuwa akija kitandani kwangu usiku. "Mimi ni mzima. Ila hii ni wiki ya tatu silali."

Nikaweka sinia chini. "Nakusikiliza, baba," nikamwambia. "Anza mwanzo."